Historia Iliyomo Ndani ya Kadi ya Mtoto wa Mbwa

Watu wanaotaka kufuga mbwa kwa mara ya kwanza hunijia na maswali ya banda: liwe la mbao au la tofali, lielekee wapi, mnyororo uwe wa urefu gani. Mimi huanza na kadi. Nilikuwa bwana mifugo mkoani Mara hadi nilipostaafu, muda mwingi nikiwa katika kata zinazopakana na Hifadhi ya Taifa ya Serengeti, na nimeona mabanda yaliyopigwa rangi yakibaki matupu kabla mwenyeji wake hajafikisha miezi minne. Nimeona pia mbwa waliolala juu ya gunia chini ya mwembe wakazeeka hadi meno yakawaishia. Mara nyingi kilichowatofautisha ni karatasi ya kukunja yenye jina la mbwa, tarehe, stika iliyobanduliwa kwenye kichupa cha chanjo na saini ya mtaalamu.

Mistari ya kadi hiyo ni michache, lakini kila mmoja umetoka mbali. Sehemu ya safari yake ilipita Ulaya na Marekani. Sehemu nyingine, kubwa kuliko wengi wanavyodhani, ilipita hapa kwetu, kwenye vijiji vyenye vumbi ambavyo watoto wake walileta mbwa kwenye foleni ya chanjo wakiwavuta kwa kamba za katani. Ndiyo maana naona mtu anayeandaa nyumba kwa ajili ya mbwa wake wa kwanza anastahili kuijua safari hiyo kabla ya kununua misumari.

Nilipokuwa mtoto, mbwa hakununuliwa. Jike la jirani likizaa, baba alikwenda kuangalia, akachagua, akasubiri watoto waache kunyonya, kisha akarudi kule na kuku mkononi. Kuku alibaki kwa jirani, mtoto wa mbwa akaja kwetu ndani ya kapu. Maandalizi yalikuwa ya asubuhi moja. Mama alimwaga majivu pembeni mwa zizi ili viroboto wapungue, akatenga kigae cha chungu kilichovunjika kiwe chombo chake. Alikula ugali wa mtama uliolowekwa kwenye maziwa mepesi yaliyobaki baada ya siagi kutolewa. Usiku alilala pamoja na wanambuzi, kwa kuwa baba alitaka akue akiwaona mbuzi kama ndugu zake. Mbwa aliyekuzwa hivyo hakuhitaji kufundishwa kulinda. Kwa majirani zetu wawindaji, Waikoma na Wanata, mtoto wa mbwa alifuata wakubwa porini mapema, akajifunza kwa kuwatazama.

Maarifa hayo yalikuwa mazuri na sioni sababu ya kuyadharau. Lakini watoto wa mbwa walikufa sana. Mtu mwenye busara alichukua wawili akijua huenda akabaki na mmoja. Waliharisha damu, au macho yakajaa usaha, au wakaanza kutetemeka na kutafuna hewa, na watu wakasema ni minyoo, au upepo mbaya, au jicho la mtu. Hakuna aliyeshangaa.

Pwani maandalizi yalikuwa na mpaka ulio wazi zaidi. Katika madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa pwani yetu, mate ya mbwa ni najisi nzito: chombo alichokiramba huoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Kwa hiyo kabla mbwa hajaletwa ilijulikana atakula kwenye chombo gani, atalala upande gani wa ua, na hatavuka mlango upi. Nimewasikia watu wa bara wakisema kwamba watu wa pwani wanachukia mbwa, na kauli hiyo si ya haki. Qur'ani inaruhusu windo lililokamatwa na mbwa aliyefundishwa, na katika Sura ya Al-Kahf mbwa analala mlangoni mwa pango pamoja na vijana wa hadithi ile. Wasasi wa Unguja na Pemba, wanaowinda nguruwe mwitu wanaoharibu mihogo, wamefuga mbwa vizazi kwa vizazi. Walichokataa ni mbwa asiye na mahali pake. Kwa mtu anayefuga kwa mara ya kwanza, huo ni mwanzo mzuri kuliko ule wa kumwachia mtoto wa mbwa nyumba nzima na kumpiga kila anapokosea.

Sasa nirudi kwenye ile hali ya kutafuna hewa, maana ndiyo inayobeba mstari wa kwanza wa kadi. Ugonjwa wenyewe unaitwa distempa. Huanza na pua na macho kutoa uchafu, kikohozi na kuharisha, kisha hupanda kichwani: misuli inarukaruka, taya zinatafuna pasipo chakula, kifafa. Edward Jenner, yule yule wa chanjo ya ndui, aliueleza kwa maandishi mwaka 1809. Mwaka 1905 Mfaransa Henri Carré alichuja majimaji ya mbwa mgonjwa kwa chujio linalozuia bakteria, akaonyesha kwamba kilichopita bado kinaambukiza. Wengi hawakumwamini kwa miaka mingi.

Kilichobadilisha mambo ni wenye mbwa wenyewe. Uingereza kulikuwa na gazeti la wawindaji liitwalo The Field, na wasomaji wake walikuwa wamechoka kuzika mbwa. Mwaka 1923 gazeti hilo lilianzisha mfuko, wasomaji wakachanga, na kazi ikakabidhiwa Patrick Laidlaw na George Dunkin huko Mill Hill, kaskazini mwa London. Tatizo lao la kwanza lilikuwa gumu kuliko linavyosikika: kumpata mtoto wa mbwa ambaye hajawahi kukutana na ugonjwa. Ugonjwa ulikuwa kila mahali. Ikawabidi wajenge ua uliotengwa kabisa, wazalishe mbwa humo ndani, na kila mfanyakazi aliyeingia ilimpasa aoge na kubadili nguo zote kwanza. Wageni hawakuruhusiwa. Ndani ya ua huo walikua watoto wa mbwa wasio na doa la ugonjwa, na hapo ndipo majaribio yakaanza kusema kweli.

Mimi huisimulia habari hii kwa kila anayeniuliza kwa nini namkataza asimtembeze mtoto wa mbwa wa wiki nane sokoni. Waliogundua chanjo walijua, kabla hawajapata hata tone lake, kwamba viatu vya mgeni vinaweza kuingiza ugonjwa.

Laidlaw na Dunkin waligundua pia kwamba fereti, mnyama mdogo wa jamii ya kicheche, huambukizwa distempa kwa urahisi sana, hivyo wakaweza kupima virusi bila kutumia mbwa kila mara. Mwaka 1928 walikuwa na njia ya kuchanja: kwanza kirusi kilichouawa, kisha kirusi hai baada ya siku kadhaa. Fereti wale wale waliwafaa binadamu. Mwaka 1933 Laidlaw, pamoja na Wilson Smith na Christopher Andrewes, waliwatumia kukipata kirusi cha mafua makali ya binadamu. Fedha zilizochangwa kwa ajili ya watoto wa mbwa zilifungua mlango wa chanjo ambayo leo inadungwa kwa mamilioni ya watu.

Kirusi cha distempa ni ndugu wa karibu wa kirusi cha surua na cha sotoka. Mfugaji wa kwetu hahitaji kufafanuliwa sotoka; wazee walisimulia jinsi ilivyofagia ng'ombe wa Wamasai na wa majirani zao katika miaka ya 1890. Chanjo iliyoikomesha ilitengenezwa na Walter Plowright na wenzake huko Muguga, Kenya, na mwaka 2011 dunia ilitangazwa kuwa haina tena sotoka. Ndugu mmoja ametoweka. Yule wa mbwa bado yupo, na mwaka 1994 alitufikia kwa namna ambayo sitaisahau.

Mapema mwaka huo simba wa Serengeti walianza kuanguka kifafa. Waongozaji wa watalii walileta habari za simba dume aliyetetemeka uso na miguu mpaka akashindwa kusimama. Watafiti, akiwemo Craig Packer aliyekuwa akiwafuatilia simba hao kwa miaka, walichukua sampuli, na maabara ikajibu: distempa. Hadi hapo wengi waliamini kwamba simba hawaugui ugonjwa huo. Kati ya simba wapatao 3,000 wa mfumo mzima wa Serengeti, theluthi moja walikufa. Fisi walikufa, mbweha masikio wakafa. Miaka mitatu kabla ya hapo, mwaka 1991, makundi ya mbwa mwitu yaliyokuwa yakifuatiliwa mbugani yalikuwa yametoweka, na kichaa cha mbwa kilikuwa miongoni mwa vilivyotajwa.

Macho yote yakageukia vijijini, kwa mbwa wetu, waliokadiriwa kufika 30,000 kuizunguka hifadhi. Watu wa vijiji walilipokea jambo hilo kwa uchungu. Miaka yote ambayo mbwa wao walikufa kwa ugonjwa uleule hakuna gari lililokuja. Walipokufa simba, magari yakaja. Nilielewa uchungu huo na bado naona ulikuwa na haki. Lakini magari yalipokuja yaliwafaa. Kuanzia mwaka 1996 kampeni za kuchanja mbwa wa vijiji vinavyozunguka Serengeti zilishika kasi, na sindano zilizotolewa hazikuwa za distempa peke yake: kulikuwamo za parvo, ugonjwa wa kuharisha damu, na za kichaa cha mbwa. Utafiti uliofuata ulionyesha pia kwamba mbwa hawakustahili kubeba lawama yote. Ukame wa 1993 ulikuwa umedhoofisha nyati, kupe wakazidi, na simba waliokula nyati hao walikuwa tayari na vijidudu vya damu walipopigwa na distempa. Baadaye, mwaka 2015, uchambuzi wa damu ya miaka mingi ulionyesha kwamba kirusi kinaweza kuzunguka miongoni mwa wanyamapori hata pale mbwa wa vijijini wanapochanjwa.

Kwa hiyo mtu wa Mugumu au Bunda anayemchanja mtoto wa mbwa anamkinga mnyama wake dhidi ya kirusi kinachoishi nje ya uwezo wake kabisa. Hakiondoki kwa usafi wa ua.

Parvo ni kinyume chake kidogo, kwani hapo ua wenyewe ndio adui. Ugonjwa huu ni mpya. Ulitambuliwa mwaka 1978, ukitokana na kirusi kilichokuwa jamaa wa kile cha paka, na ndani ya miaka miwili hivi ulikuwa umezunguka dunia. Mbwa wa umri wote walikufa kwa sababu hakuna hata mmoja aliyekuwa na kinga. Katika Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, Leland Carmichael na Max Appel walikuwa miongoni mwa waliofanya kazi usiku na mchana kupata chanjo, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 ilikuwa imeshapatikana. Leo anayekufa ni mtoto wa mbwa: anatapika, anaharisha damu yenye harufu ambayo ukiinusa mara moja hutaisahau, na siku mbili tatu zinatosha kummaliza.

Kirusi hiki hukaa kwenye udongo kwa miezi, pengine mwaka. Sabuni ya kawaida haikiui. Jiki iliyochanganywa na maji hukiua kwenye sakafu ya saruji, lakini kwenye udongo haifanyi kazi vizuri. Hili ndilo jambo ninaloomba watu walitafakari kuliko rangi ya banda. Kama mbwa mdogo alifia kwenye ua huo karibuni kwa kuharisha damu, usilete mwingine mahali palepale kabla hajakamilisha sindano zake. Mlaze upande mwingine, kwenye saruji iliyooshwa, na chombo cha marehemu kichomwe. Nimewaona watu wema wakileta mtoto wa pili kumfariji mwana aliyelia, wakamlaza juu ya gunia la yule wa kwanza, na wiki ya pili wakachimba tena.

Watu huuliza pia kwa nini sindano ya mchanganyiko, ya distempa na parvo, inarudiwa. Mtoto wa mbwa hupata kinga kwenye maziwa ya kwanza ya mama yake, na kinga hiyo hiyo, ikiwa bado ina nguvu, huiua chanjo kabla haijafundisha mwili kitu. Inapungua polepole, na siku inapokwisha hutofautiana hata kwa watoto wa tumbo moja. Ndiyo maana tunaanza wiki ya sita au ya nane, tunarudia kila baada ya wiki tatu au nne, na hatuachi hadi wiki ya kumi na sita. Anayelipia sindano ya kwanza akaacha nyingine anaweza kuwa hajanunua chochote.

Mstari wa kichaa cha mbwa ndio wa zamani kuliko yote na ndio unaogusa watu moja kwa moja. Tarehe 6 Julai 1885, Paris, Louis Pasteur alianza kumtibu Joseph Meister, mvulana wa miaka tisa aliyeng'atwa na mbwa mwenye kichaa, na mtoto akapona. Huku kwetu, Kenya ilithibitisha kichaa kwa mbwa karibu na Nairobi mwaka 1912. Hadi leo ugonjwa huu unakadiriwa kuua watu 59,000 kila mwaka duniani, wengi wao Afrika na Asia, na takriban wanne kati ya kila kumi ni watoto chini ya miaka 15. Karibu wote huambukizwa na mbwa. Dalili zikishaanza, tiba hakuna.

Kwenye vituo vya chanjo kosa moja lilijirudia kila mwaka. Watoto walileta mbwa wakubwa na kuwaacha wadogo nyumbani. Mama mmoja aliwahi kuja na mbwa watatu. Nilimuuliza habari ya wale wadogo niliowaona kwake.

"Bwana mifugo, wale bado wachanga. Sindano itawaua."

"Haitawaua, mama. Watie kwenye ndoo uniletee."

Aliwaleta. Wengi hawakurudi nyumbani kuwaleta, na sisi wataalamu tulichangia, kwa kuwa vitabu vya zamani vilisema kichaa kichanjwe baada ya miezi mitatu. Tafiti zilizofanywa baadaye zilionyesha kwamba watoto wa mbwa walio chini ya umri huo hujenga kinga na hawadhuriki, na Shirika la Afya Duniani linataka wachanjwe kwenye kampeni kama wengine, kisha warudiwe. Uzito wake ni huu: ili kuuzima ugonjwa, kama asilimia 70 ya mbwa wa eneo wanapaswa kuwa na kinga, na kwenye vijiji vyetu mbwa huzaliwa na kufa upesi. Ukiwaacha wadogo, kufikia mwaka unaofuata wao ndio mbwa wa kijiji.

Pemba wamethibitisha kwamba inawezekana. Kampeni zilianza 2010, maambukizi yakakatika mwaka 2014, kirusi kikaingizwa tena 2016, chanjo zikaimarishwa, na mbwa wa mwisho mwenye kichaa akapatikana Oktoba 2018. Kisiwa chenye mbwa wachache, na watu ambao mbwa haingii nyumbani mwao, kimefanya kilichowashinda wengi wanaolala na mbwa kitandani.

Dawa ya minyoo nitaieleza kwa ufupi. Kaskazini-magharibi mwa Kenya, Turkana, watu waliugua kwa wingi wa kutisha mafuko ya maji kwenye ini, yanayotokana na tegu wadogo wa mbwa. Shirika la afya la AMREF lilianza mwaka 1983 kuwadhibiti tegu hao kwa kuwapa mbwa dawa na kuwaelimisha wafugaji. Mbwa huwapata tegu hao kwa kula mapafu na maini mabichi yenye mafuko. Kwa nyumba yako, maana yake ni kwamba matumbo ya mbuzi wa sikukuu hayarushwi uani. Na mtoto wa mbwa hupewa dawa ya minyoo tangu wiki ya pili au ya tatu, kwa kuwa minyoo mingine huzaliwa nayo.

Limebaki jambo lisiloandikwa kwenye kadi. Katika maabara ya Jackson huko Bar Harbor, Marekani, John Paul Scott na John Fuller walichunguza watoto wa mbwa kwa miaka mingi, wakachapisha kitabu chao 1965. Waliona kwamba kuanzia wiki ya tatu hadi kama ya kumi na mbili, mtoto wa mbwa huamua nani ni wa kwao. Asiyeguswa na mtu katika wiki hizo huogopa watu maisha yake yote. Baba yangu, aliyemlaza mbwa na wanambuzi, hakusoma kitabu hicho, lakini umri aliouchagua ni huo huo.

Hapa ndipo ratiba ya nyumba inapobana, kwani wiki za kujifunza watu ni wiki zile zile za kukosa kinga. Njia ipo. Wageni waje kwake, wakiacha viatu nje. Mbebe mikononi hadi barabarani asikie pikipiki na adhana na kengele ya shule, bila kumweka chini. Watoto wa nyumba wamshike wakiwa wameketi. Atolewe nje kila akiamka na kila akimaliza kula, mahali pamoja pasipopitiwa na mbwa wengine, na mtu mmoja awe na jukumu hilo kwa jina, si "sisi sote". Usiku wa kwanza atalia. Alale karibu na mtu au karibu na wanyama atakaowalinda, kulingana na unachotaka awe.

Kwa miaka mingi kikwazo kikubwa cha yote haya kilikuwa barafu. Chanjo ilitakiwa kukaa kwenye friji, na vijiji vingi havikuwa na umeme, hivyo ilikuja mara moja kwa mwaka na gari, ikaondoka nalo. Aliyezaliwa wiki moja baadaye alisubiri mwaka. Mwaka 2016 Felix Lankester na wenzake, wakifanya kazi Tanzania, walionyesha kwamba aina moja ya chanjo ya kichaa iliyokaa miezi mitatu kwenye nyuzijoto 30, au miezi sita kwenye nyuzijoto 25, bado iliwakinga mbwa sawasawa. Kisha Ahmed Lugelo na wenziwe wakaunda vifaa vya kuhifadhia chanjo hiyo kijijini pasipo umeme, kimojawapo kikiwa cha udongo, kinachopoza kama mtungi wa maji wa bibi zetu. Chanjo ikikaa kijijini, mtu wa kijijini anaweza kuitoa mwezi wowote.

Lakini chanjo ya mchanganyiko, ile ya distempa na parvo, bado inahitaji baridi, na kwenye maduka ya dawa za mifugo haipatikani kila wiki. Kwa hiyo usianze kwa kumchagua mtoto wa mbwa. Nenda kwanza ofisi ya mifugo ya kata, uulize chupa zinafika lini na kama tarehe 28 Septemba, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, kutakuwa na chanjo ya bure. Ukishapewa tarehe, hesabu wiki kurudi nyuma, ndipo umwambie jirani ni lini utakwenda na kuku.